Raba za Wandera

Wandera alisema shilingi mia moja na sitini. Alisema mwenyewe, mchana kweupe, ameegemea tairi la trela katika gereji yake ya Busia, na Titus, dereva wa trekta iliyoivuta trela hiyo, alikuwepo akisikia. Jeki mbili zinazoinua trela zilikuwa zinavuja mafuta. Ukipakia mchanga na kuvuta wenzo, trela ilipanda nusu, ikatetemeka, kisha ikajishusha polepole kama mtu mwenye magoti mabovu anayetafuta kigoda. Raba za ndani zimechakaa, Wandera alisema. Atafungua, atatia raba mpya, atafunga. Mama aje Jumatano achukue mali yake.

Apeduno alikubali. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na miwili kutoka Moding, na trekta ile na trela yake ndivyo alivyoachiwa na marehemu Okiror, mumewe, aliyevitafuta kwa miaka kumi na minane ya kuendesha mitambo ya watu upande wa Uganda. Msimu wa kulima, trekta ililimia majirani. Msimu ukiisha, ilibeba mchanga na kokoto. Mwaka huo wa 1975 Apeduno alikuwa amepata kazi ya kupeleka mchanga kwenye shule iliyokuwa ikijengwa njia ya Malaba, na msimamizi wa ujenzi alishamwonya kwamba mchanga ukikatika mwezi mzima, atamtafuta mwingine. Fundi wa jeki aliyejulikana pande zile zote alikuwa Wandera, basi ikawa safari ya Busia.

Jumatano Wandera alimwambia arudi Jumatatu. Jumatatu alimwambia spea zimetoka Nairobi lakini hazijafika. Juma la tatu alimpa karatasi. Ilikuwa imeandikwa shilingi elfu mbili na mia tisa.

Apeduno aliisoma mara mbili akidhani ni ya mtu mwingine. Wandera akaeleza, bila haraka, kwamba shida haikuwa raba peke yake. Vyuma vya ndani, vile vinavyotoka na kuingia kwenye jeki, vilikuwa vimechubuka, ikabidi aagize vipya. Tena trekta imelala uani kwake siku ishirini na moja, na kila siku ina ada yake. Apeduno akamuuliza kwa nini hakumwambia kabla ya kuagiza.

Wandera hakumjibu yeye. Aliwageukia matanboi, vijana wanaosaidia madereva wa malori, na mawakala wa forodha waliokuwa wamekaa langoni wakingojea lori lao.

"Daktari akishampasua mgonjwa," alisema, "humwamsha amuulize akate wapi?"

Wakacheka. Wandera alipoona wamecheka, akaongeza: "Trekta ni kitu cha mwanamume. Mwanamke akiachiwa trekta ni kama kuku ameokota saa. Ataidonoa tu."

Hapo walicheka hadi mmoja akamwaga chai yake. Apeduno aliikunja ile karatasi, akaitia kifuani, akaondoka.

Aliuza ng'ombe wanne na mtamba mmoja. Mtamba yule alikuwa wa Anjeline, bintiye, aliyemlea kwa maziwa ya chupa tangu siku ng'ombe aliyemzaa alipofia zizini. Anjeline aliifua kamba ya mtamba, akaianika uani, akaenda zake kisimani. Apeduno alipeleka pesa Busia, zikahesabiwa mbele ya macho yake, akapewa risiti, na Titus akaiwasha trekta.

Jeki zilifanya kazi siku tisa.

Siku ya kumi, pale kwenye ujenzi, Titus aliinua trela iliyojaa mchanga mbichi. Ilipanda hadi juu kabisa, kisha jeki ya kulia ikapasuka kwa ndani, na trela ikashuka yote kwa mpigo mmoja, ikavunja bawaba na kupinda chasisi. Titus alikuwa amesimama nyuma akifungua mlango wa trela. Aliruka. Kama angechelewa kidogo, Apeduno angekuwa akizungumza na wazazi wa Titus kuhusu jeneza. Msimamizi wa ujenzi alikuja, akatazama, akasema pole, na mchana huohuo akamtuma mtu kwenda kutafuta trekta nyingine.

Hawakuwa na nguvu ya kuirudisha trela Busia. Wakaikokota hadi Malaba kwa mzee mmoja anayeitwa Usman, aliyekuwa na kibanda nyuma ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Mzee Usman alizaliwa Mbale, akajifunza ufundi kwenye karakana za Wahindi, na sasa alitengeneza breki na jeki za malori. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Aliifungua jeki kwa kupapasa, akamwaga mafuta kwenye karai, akavuta chuma cha ndani na kukipitishia ukucha kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akampa Apeduno raba iliyokuwa imekizunguka.

Ilikuwa laini na imevimba, ikabonyea vidoleni kama ugali uliolala majini.

"Itazame vizuri wewe mwenye macho," Usman alisema. "Kuna maandishi?"

Yalikuwepo. Herufi tatu na nusu, zimekatwa katikati, za kiwanda kinachotengeneza tyubu za matairi. Mzee akamweleza kwamba raba ya jeki hutengenezwa maalumu ili ivumilie mafuta, na ya tyubu ikinywa mafuta huvimba, halafu hulegea, halafu huachia. Hudumu juma moja, pengine mawili. Akakisugua kile chuma kwa ukucha, na ukucha ukarudi na rangi ya fedha. Hakikuwa kipya. Kilipigwa msasa na kupuliziwa rangi.

"Hivi ni vyuma vyako vilevile, mama. Wala havikuwa na ugonjwa. Raba za kweli za jeki zote mbili ni shilingi thelathini na mbili."

Apeduno alikwenda Busia na ile raba mkononi. Wandera aliomba aione risiti, akamsomea kwa sauti: kutengeneza jeki mbili. Hakuna mahali pameandikwa vyuma vipya, alisema, na kama mama amempa mzee kipofu aichokoe jeki, asimletee yeye lawama. Apeduno akaenda kwa karani mmoja aliyekuwa akiwaandikia watu barua karibu na mahakama. Karani aliigeuza risiti pande zote mbili, akamrudishia. Karatasi hii haina miguu, alimwambia, haitakufikisha popote.

Tangu siku hiyo Apeduno hakulia na hakulaani, na majirani wakadhani amemwachia Mungu. Hakuwa amemwachia Mungu. Akipalilia alikuwa anamwona Wandera. Akikoroga ugali alikuwa anausikia ule mcheko wa langoni. Juma moja alinunua debe la mafuta ya taa, akaliweka chini ya kitanda, akaliwazia siku nne. Kilichomzuia hakikuwa woga. Aliona kwamba gereji ikiungua zitaungua trekta za watu wengine, na Wandera atageuka mtu wa kuhurumiwa. Watamchangia, watamjengea upya, na watamwimbia kanisani. Hakutaka Wandera ahurumiwe. Alitaka aharibike akiwa mzima, jina lake limtangulie kila aendako na limfungie mlango kabla hajabisha.

Yale mafuta ya taa aliyauza kwa vibaba. Kisha akaenda Malaba na kumwambia mzee Usman amfundishe kazi.

Usman alimuuliza ataifanyia nini. Apeduno hakumficha. Mzee akasema hapendi sababu hiyo, lakini anahitaji macho. Yeye anaweza kuusikia mchubuko kwa ukucha, ila ufa mwembamba kama unywele haumjii tena, na wateja wameanza kunong'ona. Wakapatana hivyo: yeye atoe ujuzi, Apeduno atoe macho. Zaitun, mke wa mzee, alipunguza ovaroli kuukuu la mumewe likamtosha Apeduno, huku akicheka kwamba sasa ana mke mwenza anayenuka dizeli.

Matanboi wa Malaba walimkodolea macho miezi miwili, kisha wakamzoea. Alijifunza kufungua jeki bila kuikwaruza, kupima kwa kipimo cha chuma, kutambua kwa harufu mafuta yaliyoungua. Alijifunza kuiloweka raba mpya kwenye mafuta safi kabla ya kuivisha, na kuisukuma kwa kidole gumba pole pole ili mdomo wake usikunjike. Trela yake mwenyewe aliitengeneza kwa mikono yake, akampa Titus aendelee na kazi ndogondogo. Shamba lilikuwa la Anjeline sasa. Jioni mama alirudi na kucha nyeusi, akala, akalala.

Wa kwanza kufika alikuwa Vitalis, mkulima wa pamba kutoka Matayos, na jeki yake ilikuwa imetoka kwa Wandera majuma matatu nyuma. Apeduno alimwomba asimame karibu aone. Akaifungua. Raba ilikuwa ya tyubu.

"Ulimlipa ngapi?"

Vitalis alitaja elfu moja na mia nne, kwa sauti ndogo, kama anayetaja ugonjwa wa aibu. Apeduno akakata kipande cha boksi, akaandika jina la Vitalis na zile pesa, akakitunga kwenye waya pamoja na ile raba mbovu. Vitalis akauliza ni cha nini.

"Ninakusanya," alimjibu.

Waya ule aliutundika ndani ya kibanda, juu ya meza. Raba ya Vitalis ikafuatana na ya Apeduno mwenyewe, kisha ikaja ya mwenye trekta kutoka Funyula, kisha ya mfanyabiashara wa mbao wa Busia. Hakuwahi kuifungua jeki iliyopita kwa Wandera bila mwenyewe kusimama pale na kuona. Kama mwenyewe hayupo, jeki ilingoja, hata siku tano. Wapo waliokasirika. Apeduno aliwaacha wakasirike.

Mzee Usman alikuwa akiusikia waya ukigongana upepo ukivuma, na haukumpendeza.

"Fundi hamvui nguo fundi mwenzake," alimwambia siku moja.

"Mimi alinivua mbele ya matanboi, mzee. Na sikuwa fundi."

Mzee hakurudia tena maneno hayo.

Mwaka ukageuka. Waya ulikuwa na raba thelathini na moja ndipo habari ilipofika Malaba kwamba chama cha ushirika cha wakulima wa pamba kimenunua trekta tatu na trela zake, na wanachama wanaitwa kwenye mkutano huko Matayos kumpitisha fundi wa kuzitunza. Fundi mwenyewe alishachaguliwa na kamati. Ni Wandera. Kamati ilikuwa imekula mbuzi wake Jumapili mbili mfululizo.

Vitalis ndiye aliyeleta habari hiyo. Apeduno alimsikiliza huku akipangusa spana, akazipanga zote mahali pake, kisha akamwomba amwambie siku na saa.

Siku ya mkutano alivaa gauni lake la kanisani. Waya aliuzungusha, akaufunga kwenye leso, akautia kikapuni. Uwanja wa soko ulikuwa umejaa. Wandera alikuwa mbele na kamati, amevaa tai, mguu mmoja juu ya mwingine. Mwenyekiti alimsifu kwa muda mrefu, halafu akauliza, kama ilivyo desturi, kama kuna mwenye neno.

Apeduno alisimama. Alikuwa mwanachama; Okiror alikuwa amemwandikisha kabla hajafa. Alikwenda mbele bila kusema kitu, akafunga ncha moja ya waya kwenye nguzo ya banda la mnada, akautandaza, akafunga ncha ya pili kwenye nguzo nyingine. Raba zikaning'inia zimevimba, nyeusi, kila moja na kikaratasi chake.

"Hizi zimetoka kwenye jeki zilizotengenezwa na Wandera," alisema. "Ni vipande vya tyubu. Kila mtu atafute jina lake."

Vitalis akatoka, akaenda moja kwa moja hadi kwenye raba yake, akaishika na kusoma jina lake na pesa zake kwa sauti. Mwingine akamfuata. Wengine walikuwa hawajui kusoma, kwa hiyo Apeduno alianza kuwasomea. Alisoma zote, moja baada ya nyingine, pole pole, na kila alipomaliza jina alimtazama Wandera. Mguu ulishuka. Kisha tai ikalegezwa. Jina lake mwenyewe alilisoma la mwisho: elfu mbili na mia tisa, ng'ombe wanne na mtamba.

Wandera alisimama na kusema huu ni uongo wa mwanamke mwenye kinyongo. Raba hizi mtu yeyote anaweza kuzikata. Nani anajua kama si yeye aliyezitia?

Apeduno alikuwa amelingoja swali hilo kwa mwaka mmoja na miezi miwili.

"Waliosimama karibu yangu nikifungua jeki zao," alisema, "wanyoshe mikono."

Mikono ikapanda. Haikuwa yote thelathini, kwa maana wengine hawakuwepo siku hiyo, lakini ilitosha. Mwenyekiti aliitazama, akakumbuka mbuzi, akatazama chini. Wandera alitoka uwanjani kwa upande wa nyuma, kati ya mabanda ya samaki, na wanawake wauza samaki wakampisha kwa upole uliozidi matusi.

Kesho yake wenye trekta walifika Busia kuchukua vyuma vyao, vilivyotengenezwa na visivyotengenezwa. Waliodai kurudishiwa pesa walikuwa wengi kuliko pesa zilizokuwepo. Pikapu ikauzwa, kisha mashine ya kuchomelea. Kabla ya Krismasi, mtu aliyeuziwa mahindi yenye mawe Busia alikuwa akisema ametiwa tyubu, hata kama hajui neno hilo limetoka wapi.

Apeduno alianza kwenda Busia kila siku ya soko. Hakuwa na cha kununua. Alikaa kwenye kioski kilichotazamana na lango la Wandera, akaagiza chai, akainywa kidogo kidogo akimtazama anavyozunguka kwenye ua mtupu. Wandera akimwona, aliingia ndani. Apeduno alingoja mpaka atoke, halafu akaagiza kikombe cha pili. Watu husema kisasi kikishaiva huwa kichungu. Yeye alikionja kila juma na hakuona uchungu wowote. Aliona utamu, na alirudi nyumbani akiwa na hamu ya kula.

Baadaye lango likafungwa. Ikasemekana Wandera amevuka mpaka kutafuta kazi Tororo, kisha ikasemekana amerudi. Biashara ya Uganda ilikuwa imekufa siku hizo na hakuna aliyekuwa na dizeli ya kuchezea. Akawa mtu wa kukaa nyumbani.

"Sasa umemaliza?" mzee Usman alimuuliza.

"Bado," Apeduno alisema, ingawa hakujua kilichobaki ni nini.

Kilichobaki kilikuja chenyewe, asubuhi moja ya mwezi wa tatu, kwa miguu. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye mfuko wa kitambaa, na Apeduno alimtambua kwa kuwa alikuwa amemwona mara nyingi kutoka kule kioskini akianika nguo nyuma ya gereji. Ni Roselyn, mke wa Wandera. Apeduno aliweka spana chini. Maneno alikuwa nayo tayari, ya kumrudishia mtu yeyote wa nyumba ile atakayekuja kulia mbele yake.

Roselyn hakulia. Alisema, "Zile raba nilikata mimi."

Apeduno alipangusa mikono kwa kitambaa.

"Kwa makasi yangu ya kushonea. Yeye alichora, mimi nikakata. Na nilijua ni za kutia wapi."

"Kwa hiyo umekuja kuomba msamaha."

"Hapana. Nimekuja kuomba kazi. Vipimo vya jeki zote kutoka Funyula mpaka hapa Malaba viko kichwani mwangu, na nina watoto watano."

Mzee Usman, aliyekuwa akisuuza mikono kwa dizeli, aliacha kusuuza. Apeduno alimtazama yule mwanamke: viatu vya vumbi, mgongo ulionyooka. Hakumwonea huruma, na hakutaka kujidanganya baadaye kwamba alimwonea. Alichokifikiria ni Wandera, amekaa mezani jioni, na sahani ya ugali wa unga ulionunuliwa kwa pesa za mwanamke wa Moding.

"Anajua umekuja hapa?"

"Hajui."

"Nitakuchukua. Lakini umwambie leo, kwa mdomo wako. Umwambie ni mimi nitakayekulipa."

Roselyn alimtazama muda mrefu. "Hiyo ndiyo sababu unanichukua."

"Ndiyo."

"Sawa, mama." Aliweka mfuko chini, akaikaribia meza. Palikuwa na raba mpya imelowekwa, tayari kuvishwa kwenye jeki ya lori la mchanga. Aliiokota, akaizungusha kati ya vidole viwili, akasema imezidi. Apeduno akachukua kipimo. Ilikuwa imezidi kwa unene wa ukucha, na yeye hakuwa ameona.

Asubuhi iliyofuata Roselyn alifika kabla ya malori kuwashwa. Apeduno alimpa kitambaa cha kujifunga na jeki ya kwanza ya siku, akamwacha afungue skrubu mbili, kisha hakuweza kungoja zaidi.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu. Jana hakula. Leo asubuhi amekula, ameinamisha kichwa."

Apeduno alivuta kigoda, akakaa karibu naye.

"Niambie tena," alisema. "Anza pale ulipoingia mlangoni."

Na Roselyn, bila kuinua macho kwenye kazi yake, akaanza tena tangu mlangoni.